Ulimi wa Mertz ulipokatika: kisa cha maji mazito yaliyokosa ukuta

Tarehe 12 na 13 Februari 2010, siwa barafu, yaani kipande kikubwa cha barafu kinachoelea baharini, lenye urefu wa kilomita 97 hivi liliugonga ulimi wa barafuto ya Mertz, mto wa barafu unaosogea polepole kuelekea baharini mashariki mwa Antaktika, na kipande chenye urefu wa kilomita 78 kikameguka na kuelea zake. Eneo lake lilikuwa kilomita za mraba zipatazo 2,500, na unene wake mita 400 hivi. Vyombo vya habari vilivutiwa na ukubwa huo kwa muda, kisha vikahamia kwingine. Waliobaki macho ni wanaofuatilia maji. Upande wa magharibi wa ulimi ule palikuwa na mojawapo ya sehemu chache mno duniani ambapo maji ya juu ya bahari huwa mazito kiasi cha kuzama mpaka sakafu ya kilindi.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakuna maabara ambayo ingeweza kukipanga. Baridi ya pale haikuguswa, upepo uliendelea kuvuma kutoka kulekule, na sakafu ya bahari ilibaki na umbo lake. Kilichoondoka ni ukuta mmoja tu wa barafu. Anayetaka kujua ni kitu gani hasa kinachoyafanya maji ya ncha za dunia yazame, hapa anapata jibu ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka kwa kusema "maji yakipoa huzama".

Mahali penyewe

Mertz iko karibu na latitudo 67 Kusini na longitudo 145 Mashariki, kwenye pwani iitwayo George V, jirani na Ardhi ya Adélie. Imepewa jina la Xavier Mertz, Mswisi aliyefariki Januari 1913 akiwa njiani kurudi kambini pamoja na Douglas Mawson, kiongozi wa msafara wao wa utafiti. Kambi yao ilikuwa Cape Denison, na kumbukumbu zao za hali ya hewa zinaonyesha upepo uliokuwa na wastani wa kilomita 80 hivi kwa saa kwa mwaka mzima. Huo ni wastani, wala si dhoruba ya siku moja.

Upepo huo una chanzo rahisi. Hewa iliyo juu ya uwanda mkubwa wa barafu hupoa, huwa nzito, na huporomoka kuelekea pwani kupitia mabonde. Yaani pale Mertz mporomoko wa kwanza ni wa hewa, na wa pili ndio wa maji.

Barafuto yenyewe husogea kuelekea baharini kwa kadiri ya kilomita moja kwa mwaka. Kwa miongo kadhaa ilikuwa imejijengea ulimi mrefu unaoelea, uliochomoza kaskazini kama gati. Mkondo wa pwani ya Antaktika huenda magharibi, ukisukuma barafu ya bahari na masiwa barafu. Vyote hivyo vilifika kwenye ulimi vikakwama upande wa mashariki, vikarundikana, na vingine vikakaa hapo miaka mingi hadi vikawa barafu nene iliyogandamana. Upande wa magharibi hakikufika kitu. Huko upepo ulikuwa ukiifagia barafu changa kila ilipojitengeneza, na maji yakabaki wazi katikati ya majira ya baridi. Eneo la namna hiyo, maji wazi yaliyozungukwa na barafu, huitwa polinia. Polinia ya Mertz ilihesabiwa miongoni mwa zile zinazotengeneza barafu nyingi zaidi kuzunguka Antaktika nzima.

Chumvi ndiyo inayobeba kazi

Wengi tulifundishwa kwamba maji huwa mazito zaidi yakiwa nyuzi 4 za Selsiasi. Hiyo ni habari ya maji matamu ya ziwani, yasiyo na chumvi. Maji ya bahari, yenye gramu 34 au 35 za chumvi kwa kila kilo, hayana kikomo hicho. Huendelea kuwa mazito kadiri yanavyopoa hadi yanapofika kiwango chake cha kuganda, kama nyuzi 1.9 chini ya sifuri.

Lakini kupoa huko, karibu na kiwango cha kuganda, kunaongeza uzito kidogo mno. Ukiyapoza maji ya bahari kutoka sifuri hadi nyuzi 1.9 chini ya sifuri, densiti yake inaongezeka kwa gramu 70 au 80 hivi katika kila mita ya ujazo. Sasa chukua maji yaleyale, usiguse joto lake, ongeza sehemu ya kumi tu ya gramu ya chumvi kwa kila kilo. Densiti inapanda kwa kiasi kilekile. Chumvi ndogo ambayo ulimi wa mtu usingeitambua inafanya kazi sawa na kupoza kwa karibu nyuzi mbili. Na kupoza kuna ukomo, kwa sababu maji yakishafika kwenye kuganda hayapoi zaidi. Chumvi inaweza kuendelea kuongezwa.

Nani anaiongeza? Barafu yenyewe. Maji ya bahari yanapoganda, fuwele za barafu hazina nafasi ya chumvi. Sehemu yake hunaswa katika vishimo vidogo ndani ya barafu, na iliyobaki hudondoka chini ikiwa maji makali ya chumvi. Kwa hesabu ya haraka, mita moja ya barafu ikitengenezwa juu ya eneo la mita moja ya mraba, huacha nyuma kilo 20 na kitu za chumvi. Sambaza chumvi hiyo katika maji yenye kina cha mita 500, utapata ongezeko la karibu nusu ya ile sehemu ya kumi ya gramu niliyoitaja. Kwa hiyo mita mbili za barafu zinatosha kufanya kazi sawa na ile ya baridi yote.

Mita mbili zinaonekana kitu kidogo, lakini barafu ya bahari ikiachwa ijifunike yenyewe huwa tabu kuzifikisha kwa msimu mmoja. Barafu ni kizuizi cha joto. Maji wazi chini ya hewa ya baridi kali na upepo hupoteza joto la wati 300 au zaidi kwa kila mita ya mraba, na joto hilo linatosha kugandisha sentimita 8 hivi kwa siku. Barafu ikishafikia unene wa mita moja, joto linalopenya ni kama wati 40, na ukuaji unashuka hadi sentimita moja kwa siku. Hapo ndipo unapoona thamani ya upepo. Kazi yake kubwa si kuleta baridi, ni kuondoa barafu iliyokwisha tengenezwa ili maji yabaki uchi na yaendelee kuganda. Polinia inaweza kutengeneza mita kadhaa za barafu katika msimu mmoja pale ambapo bahari jirani iliyojifunika inaishia mita moja hivi. Barafu hiyo husafirishwa kwenda kuyeyukia mbali kaskazini. Chumvi inabaki.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa jambo zima, na ndiyo iliyovunjwa mwaka 2010.

Bonde na kizingiti

Chumvi iliyobaki inahitaji pahali pa kukaa. Antaktika, kama mabara mengine, ina tako la bara, yaani ukingo mpana uliozama ambao unaizunguka kabla sakafu ya bahari haijaporomoka kwenda kilindini. Tako la Antaktika lina ajabu yake. Lilichimbwa na barafuto za zama zilizopita, kwa hiyo mara nyingi lina kina kikubwa karibu na pwani kuliko kwenye ukingo wa nje. Mbele ya Mertz lipo Bonde la Adélie, lenye kina kinachozidi mita 800, na upande wa bahari kuu limezibwa na kizingiti ambacho kina chake ni kama mita 350 hadi 400.

Maji yenye chumvi nyingi huzama kutoka polinia, hujaa bondeni kuanzia chini, na hukaa humo. Majira ya baridi yakisonga, uso wa maji hayo mazito hupanda taratibu hadi unafika kwenye kizingiti. Hapo huanza kumwagika. Jambo la kushika ni kwamba kinachotoka ni kile tu kilichozidi kizingiti kwa kimo na kinachoyazidi maji ya nje kwa uzito. Vingine vyote, hata viwe baridi namna gani, vinabaki bondeni.

Yakishavuka, maji hayo yanakutana na maji ya kilindi yanayoizunguka Antaktika, ambayo ni ya vuguvugu kidogo, juu ya sifuri, na yenye chumvi inayokaribiana na yale ya tako. Hapa ndipo baridi inapopata zamu yake. Maji baridi hubanika kwa urahisi zaidi kuliko maji ya vuguvugu. Kadiri yanavyoshuka na shinikizo linavyoongezeka, yale ya baridi yanazidi kuwa mazito kuliko jirani zake, na faida hiyo inakua kwa kila mita mia zinazopita. Mimi naona hii ndiyo sehemu inayopuuzwa sana katika maelezo ya kawaida. Chumvi inayafikisha maji ukingoni, kisha baridi inayapeleka hadi chini kabisa.

Safari yenyewe haijanyooka. Mzunguko wa dunia huyakunja maji kushoto katika nusu ya kusini, kwa hiyo mkondo unaoelekea kaskazini hugeuka magharibi na kuanza kutambaa kando ya mteremko. Makorongo ya chini ya bahari ndiyo yanayoyapa njia ya mkato kwenda chini. Njiani huchanganyika na maji ya jirani na ujazo wake kuongezeka maradufu au zaidi. Yanapofika sakafu ya Beseni la Australia na Antaktika yanakuwa sehemu ya Maji ya Chini ya Antaktika, aina ya maji inayokadiriwa kuwa theluthi hivi ya bahari zote za dunia, na yenye kubeba oksijeni hadi kwenye kina ambako mwanga haujawahi kufika. Kuna makadirio ya miaka ya 1990 yaliyoipa pwani ya Adélie robo nzima ya maji hayo. Wapo waliopendekeza sehemu ndogo zaidi, lakini hakuna anayeiondoa kwenye orodha fupi ya vyanzo vya maji hayo kuzunguka Antaktika, pamoja na Bahari ya Weddell, Bahari ya Ross na Cape Darnley.

Kwa upande wa Aktiki na Atlantiki ya kaskazini habari ni tofauti, nami nitaigusa tu. Huko maji yanafika kutoka kusini yakiwa na chumvi nyingi tayari, hivyo kupoa kunafanya sehemu kubwa zaidi ya kazi. Maji mazito hujikusanya katika bahari za Norwe na Greenland na kumwagika kusini kupitia Mlangobahari wa Denmark, yakiporomoka kwa kimo cha mita 3,500 hivi. Kizingiti kipo huko pia. Ukuta wa barafu haupo.

Kilichofuata

Siwa lililogonga halikuwa geni. Linaitwa B-9B, na ni mabaki ya siwa kubwa zaidi lililokatika katika Bahari ya Ross mwaka 1987. Lilifika jirani na Mertz mwanzoni mwa miaka ya 1990, likakwama sakafuni upande wa mashariki, likakaa hapo karibu miongo miwili, nalo likisaidia kuzuia barafu ya bahari. Ulimi wa Mertz nao ulikuwa na nyufa kubwa zilizoukata kutoka pande zote mbili, zilizokuwa zikitazamwa kwenye picha za setilaiti miaka kadhaa kabla. Kwa maneno mengine, B-9B lilimalizia kazi iliyokuwa imefika mwisho.

Baada ya hapo mambo mawili yalitokea kwa pamoja, na ni vizuri kuyatenganisha.

La kwanza, polinia ilipoteza kinga. Barafu iliyokuwa ikikwama mashariki ilipata njia ya kupita, ikaanza kuingia katika eneo lililokuwa wazi. Maji yakifunikwa, upotevu wa joto unashuka kwa namna niliyoeleza, na kuganda kunapungua. Watafiti waliotumia setilaiti, wakiongozwa na Takeshi Tamura, walikadiria mwaka 2012 kwamba eneo zima kati ya longitudo 142 na 150 Mashariki lilikuwa likitengeneza wastani wa kilomita za ujazo 168 za barafu kwa mwaka kati ya 2000 na 2009. Mwaka 2010 zilitengenezwa 144, na mwaka 2011 zikawa 134. Upungufu ni wa asilimia 14, kisha 20.

La pili lilikuja na kiangazi. Ile barafu nene ya miaka mingi, iliyorundikana nyuma ya ulimi, ilisambaa magharibi na kuyeyuka juu ya Bonde la Adélie lenyewe. Barafu kuukuu ina chumvi kidogo sana, kwa hiyo maji yake ni kama maji matamu. Zamani barafu ilitengenezwa hapa na kuyeyukia kwingine. Sasa iliyotengenezwa kwingine ikaja kuyeyukia hapa.

Meli ya utafiti Aurora Australis ilikuwa imepima maji ya pale katika kiangazi cha 2007/08, kabla ya tukio, kisha ikarudi Januari 2011. Wafaransa nao walikuwa na vipimo vyao vya mfululizo kutoka kituo chao cha Adélie. Matokeo yalielekea upande mmoja. Maji ya juu yalikuwa na chumvi pungufu waziwazi, na yale ya chini bondeni yalikuwa mepesi kuliko ilivyozoeleka, hadi kukawa na shaka kama yalikuwa na uzito wa kutosha kuendelea kuyalisha Maji ya Chini. Jambo moja lililowashangaza wengi ni kwamba tabaka jepesi la juu liliifaa mimea midogo ya baharini, na bahari ya pale ikanyonya kaboni dioksidi zaidi wakati wa kiangazi. Sishauri mtu alitumie jambo hilo kama faraja. Kaboni iliyonyonywa karibu na uso inaweza kurudi hewani, na iliyobebwa na maji yanayozama ndiyo inayofichika kwa karne.

Barafu iliyopoteza mpangilio iliwasumbua hata wasafiri. B-9B liliishia kukwama katika Ghuba ya Commonwealth, na barafu ikajifunga nyuma yake. Desemba 2013 meli ya Kirusi Akademik Shokalskiy ilinaswa katika eneo hilo, na abiria wake 52 wakachukuliwa kwa helikopta ya meli ya Kichina Xue Long tarehe 2 Januari 2014. Sababu ya karibu ya tukio hilo ni upepo wa siku chache, lakini barafu iliyokuwepo kusukumwa na upepo huo ilitoka katika mandhari iliyopanguliwa mwaka 2010.

Kwa nini asilimia 14 si asilimia 14

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoteleza. Mtu akisikia barafu imepungua kwa asilimia 14, hudhani maji mazito yamepungua kwa asilimia 14. Sivyo, kwa sababu mbili.

Kwanza kuna deni la kiangazi. Tuseme mita moja ya barafu ngeni imeyeyuka juu ya bonde. Majira ya baridi yakija, mita ya kwanza ya barafu mpya haiongezi chochote juu ya hali ya kawaida, inarudisha tu chumvi mahali ilipokuwa. Kama polinia ilikuwa ikitengeneza mita sita na sasa inatengeneza tano, na moja kati ya hizo tano inalipa deni, basi kilichobaki cha kuongeza uzito ni mita nne. Namba hizi ni za mfano, lakini unaona jinsi upungufu wa sehemu moja ya sita unavyogeuka kuwa wa theluthi.

Pili kuna kizingiti. Maji ya bondeni hayatoki kwa uwiano na uzito wake. Hayatoki kabisa mpaka yazidi kiwango fulani. Mwaka ambao bonde limejaa vizuri, kila nyongeza ndogo humwagika nje. Mwaka ambao bonde limeanza likiwa na upungufu, miezi ya kwanza ya baridi inatumika kulijaza tu, na msimu wa kumwagika unakuwa mfupi. Upungufu mdogo juu unaweza kuwa mkubwa ukingoni. Mfano wa kompyuta uliochapishwa mwaka 2011, ambao uliondoa ulimi na kuacha hali ya hewa kama ilivyo, ulionyesha maji mazito yanayotoka pale yakipungua kwa hadi asilimia 23. Huo uliangalia zaidi umbo la pwani na barafu mpya, kwa hiyo mimi nauchukulia kama kiwango cha chini kwa miaka ile ya mwanzo ambayo barafu kuukuu ilikuwa bado inayeyuka.

Usiilaumu hali ya hewa kwa kila kitu

Kishawishi ni kukiweka kisa hiki katika fungu la mabadiliko ya tabianchi na kufunga faili. Ushahidi haukubali. Ulimi unasogea kwa kilomita moja au zaidi kidogo kwa mwaka, na kipande kilichokatika kilikuwa cha kilomita 78. Gawanya, utapata miaka 70 hivi ya kukua. Mashapo yaliyochimbwa chini ya bahari ya pale, yenye kumbukumbu ya miaka 250, yanaonyesha polinia ikipata nguvu na kudhoofu kwa mzunguko unaokaribiana na huohuo. Ulimi wa Mertz umekuwa ukikua na kukatika tangu kabla ya mtu yeyote kuuona, na maji mazito ya Adélie yamekuwa yakiongezeka na kupungua pamoja nao.

Hata hivyo kuna mwenendo wa pili unaopita katika maji yaleyale, nao hauhusiani na ulimi. Maji ya Bahari ya Ross yalikuwa yakipoteza chumvi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, sehemu kubwa kutokana na kuyeyuka kwa barafu ya bara upande wa magharibi wa Antaktika, na mkondo wa pwani huyaleta maji hayo Adélie. Kwa hiyo Mertz ilianza kila msimu ikiwa na chumvi pungufu kuliko ya miaka ya nyuma hata kabla ulimi haujakatika. Pigo la ghafla lilitua juu ya mteremko wa polepole. Anayepima mwaka 2011 peke yake hawezi kujua ni kiasi gani cha upungufu ni cha lipi. Ndiyo maana vipimo vya 2007/08 vina thamani kuliko vinavyoonekana.

Utata unazidi tukishuka kwenye beseni lenyewe. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mtiririko wa Maji ya Chini katika Beseni la Australia na Antaktika ulipungua kwa kiasi kikubwa kati ya 1994 na 2009, kisha ukarudi kwa kiasi kuanzia 2009 hadi karibu 2018. Tazama tarehe hizo vizuri. Upungufu mkubwa ulitokea ulimi ukiwa mzima, na nafuu ilikuja katika muongo ambao ulimi ulikuwa umekatika. Mtu mwenye haraka angesema basi Mertz haina maana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba beseni hilo linalishwa na vyanzo viwili, na Bahari ya Ross ilianza kupata chumvi tena katika miaka ya 2010, kwa wingi unaofunika pengo la Adélie.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2023, huu ukiwa wa kompyuta, unatabiri kwamba maji ya kuyeyuka kwa barafu ya Antaktika yanaweza kupunguza mzunguko wa kilindi kwa zaidi ya asilimia 40 ifikapo 2050 iwapo utoaji wa gesi joto utaendelea kuwa mkubwa. Kisa cha Mertz hakithibitishi utabiri huo. Kinachoonyesha ni njia ambayo utabiri huo ungepitia, kwa kuwa maji matamu yaliyofika juu ya Bonde la Adélie kwa miaka michache yalifanya kwa udogo kile ambacho maji matamu ya Antaktika nzima yangefanya kwa ukubwa.

Tofauti iko kwenye kurejea. Ulimi wa Mertz unajijenga upya hivi sasa, kilomita baada ya kilomita, na kwa kasi yake ya kawaida utafikia urefu wake wa zamani karibu na mwaka 2080. Polinia haitasubiri mpaka hapo. Masiwa barafu yanaweza kukwama kwenye kina kifupi cha mashariki na kuwa ukuta wa muda, kama B-9B lilivyowahi kuwa, na upepo wa Cape Denison bado ni uleule. Kwa anayetaka kufuatilia, picha za ulimi hazitatosha. Chombo cha maana ni kile kilichotiwa nanga kwenye Kizingiti cha Adélie, kinachopima chumvi na oksijeni karibu na sakafu majira yote ya baridi, pamoja na sili tembo waliobandikwa vihisio kichwani, ambao hupiga mbizi ndani ya polinia katika miezi ambayo hakuna meli inayofika.